Majivu Sakafuni

Wapo waumini wenzangu hapa Kahama wanaoona kwamba ninachokifanya Jumamosi usiku hakimfai mtu anayepokea Ekaristi Jumapili asubuhi. Naandika michezo ya kuigiza. Nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na michezo ya shule naijua, lakini hii ni mingine: inachezwa kwenye kumbi za baa na bustani za nyumba za wageni, Kahama, Katoro, Geita mjini, watu wakiwa wamekaa mezani wanakula. Watu wanacheka mpaka machozi. Na katika kila mchezo kuna mtu amekufa, na hakuna ajuaye nani kamuua.

Hoja yao ni nzito. Wanasema nchi hii ya Usukuma imezika watu wengi mno kwa sababu ya swali hilohilo. Mtoto kafa kwa homa, ng'ombe wamepukutika, duara la wachimba dhahabu limetitia na kumfukia kijana. Mtu anasimama kati ya waombolezaji anauliza nani kafanya, na haupiti muda bibi kizee amekatwa mapanga nyumbani kwake. Sasa wewe swali hilo unalipeleka mezani, watu walitafune pamoja na kuku? Mzee mmoja wa kigango alinisubiri mlangoni baada ya misa, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, yapo maswali ambayo mtu hachezi nayo."

Pale mlangoni nilimjibu kwa ufupi, kwa heshima ya umri wake. Hapa nataka kumjibu kwa urefu.

Nianze na hili la chakula na mchezo, maana wengine wanadhani ni jambo la kuletwa na watalii. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka vikundi vya sanaa, Muungano ya Norbert Chenga, na TOT iliyoanza mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba. Mlipa kiingilio alikaa kwenye baa na kinywaji chake na mishikaki yake, na kwa saa nyingi akapewa ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na mchezo wa kuigiza, vyote kwa usiku mmoja. Huku kwetu tulitangulia. Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vinashindana tangu karne ya 19, tangu enzi za waasisi wao Ngika na Gumha, na hakimu wake ni umati wenyewe: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, watu wanahama kutoka huku kwenda kule, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Padre David Clement, yule Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora pale Kisesa, aliuona ushindani huo akauingiza kwenye sikukuu ya Ekaristi, na mpaka leo Bulabo inachezwa kila Juni. Mambo yanayofanyika kwenye Bulabo ni ya kuchekesha kwelikweli: mtu na fisi wake, mtu na nyoka wake, mwanasesere wa mti anayekatika kiuno. Kanisa halikuona haya kukaa jirani na kicheko.

Na Malya, wilayani Kwimba, si mbali na hapa, mwaka 1982 walifika walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wakakaa na wanakijiji, wakachukua ngoma na maigizo ya pale pale, wakawafanya watu wazungumze hadharani habari za mabinti wa shule wanaopewa mimba, jambo lililokuwa likinong'onwa tu. Mimi nimejifunza kwao kwamba mchezo unaweza kukitoa kitu gizani na kukiweka uwanjani bila kumuumbua mtu yeyote aliyekaa pale.

Sasa mchezo wetu wenyewe. Tunaoucheza zaidi unahusu mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, anayekutwa amekufa kibandani kwake, mwaloni, pale dhahabu inapooshwa. Sufuria ya zebaki imepinduka, dhahabu haipo. Watuhumiwa ni wanne: mke mdogo, mshirika anayedai mgawo wa viroba vyake, mdogo wa marehemu, aliyeshuka asubuhi hiyo kwenye basi la Mwanza, na bibi mjane anayewapikia wachimbaji, macho yake mekundu. Yule mdogo mtu anaapa kwamba hajakanyaga mwalo mwaka mzima, zebaki hajaigusa. Anapoapa anainua mkono wa kulia. Kidoleni ana pete ya dhahabu iliyogeuka nyeupe upande mmoja.

Pete yenyewe ni ya shaba, na weupe ule ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara iliyobandikwa kwa gundi. Lakini kila mtu wa Katoro, Rwamgasa au Nyarugusu anajua zebaki inaifanya nini dhahabu. Ndiyo maana inamwagwa kwenye mchanga uliosagwa: inaikamata dhahabu popote ilipo, inashikamana nayo, mpaka moto uje uwatenganishe. Mtu aliyeingiza mkono wenye pete kwenye zebaki, pete inapauka, na hapauki mwingine kwa niaba yake. Ushahidi huo uko mbele ya watazamaji tangu onyesho la kwanza, chini ya taa.

Inapofika nusu, tunasimamisha mchezo ili watu wale. Kuna kuku, kuna sato, kuna ugali wa udaga kwa anayetaka. Wahudumu wanapita na mabakuli manne ya bati, kila moja limeandikwa jina la mtuhumiwa, na kila mlaji amepewa kifuniko kimoja cha soda akidumbukize kwenye bakuli la yule anayemshuku. Hapo ndipo kelele inapoanza. Wenye maduara, mama lishe, bodaboda, mafundi wa mitambo, karani wa benki na mkewe, wote wanabishana mdomo umejaa. Na bakuli linalojaa ni la bibi. Linajaa Katoro, linajaa Kahama, linajaa hata kwenye meza za watu wenye shahada. Ukiwauliza, wanakujibu: "Yule bibi anaangalia vibaya." Haangalii mtu. Mimi ndiye niliyemwelekeza, na nilimwambia muda wote aangalie chungu.

Kipindi cha pili koplo wa polisi anamburuta bibi katikati ya ukumbi na ukumbi unashangilia. Kisha kijana mbeba viroba, mtu mdogo kuliko wote mchezoni, anamwomba yule mdogo wa marehemu amwazime pete yake aitazame. Fundi wetu wa taa anaishusha taa. Nimekuwa nikisimama pembeni karibu na jiko nikiwatazama watu, siwatazami waigizaji. Wachimbaji ndio wa kwanza kuelewa. Unaona mtu anaacha kutafuna. Anatazama pete, anatazama bakuli la bati lililojaa vifuniko, halafu kicheko kinapasuka kutoka meza moja hadi nyingine, na wanaocheka wanajicheka.

Usiku mmoja kijana wa makamo ya mwanangu wa mwisho, bado ana vumbi la karasha kwenye kope, alimfuata mama anayeigiza bibi akamkuta anakunja kanga yake.

"Shikamoo mama. Nisamehe, kifuniko changu nilikutia wewe."

"Marahaba baba," akamjibu. "Umekula?"

Kwa nini macho mekundu? Swali hili nalijua kwa karibu. Bibi yangu mzaa mama alitolewa usiku kwenye kijiji kimoja cha Shinyanga na wajomba zangu, akafichwa kwenye gari la pamba, akaja kuishi kwetu mpaka alipofariki kitandani kwake. Kosa lake lilikuwa macho. Na mtu akitaka kujua macho yale yalitoka wapi, inabidi afanye kazi ya mpelelezi, kufuata nyayo nyuma hatua kwa hatua. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Moshi ulikuwa wa samadi ya ng'ombe, maana ndiyo iliyokuwa kuni. Samadi ilikuwa kuni kwa sababu miti haikuwepo. Miti haikuwepo kwa sababu tangu wakati wa mkoloni, wakati Old Shinyanga ilipokuwa makao ya utafiti wa mbung'o, vichaka vilifyekwa ekari kwa ekari ili mbung'o wakose pa kukaa, na baadaye pamba na mifugo vikamaliza kilichobaki. Mpaka mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 na watu wakarudishiwa moyo wa kutunza ngitili zao, yaani malisho na miti iliyotengwa ipumzike, wanawake wa Shinyanga walikuwa wamepuliza moto wa samadi miaka na miaka. Ukiifuata njia hiyo kwa uaminifu, unaanzia kwenye jicho la kikongwe na unaishia kwenye msitu uliokatwa. Waliowaua wale bibi hawakuifuata. Walisimama kwenye jicho.

Mtu aliyewasimamisha pale anajulikana. Nataka kuwa mwadilifu: nfumu, yaani mganga kwa Kisukuma, si jina la matusi. Wapo bafumu wanaotibu kwa mizizi, wanaojua kuunganisha mfupa, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa asili. Ninayemsema ni yule wa ramli chonganishi. Kwa desturi yetu nfumu anapasua kuku akamsoma ndani, na kuku huyo akisomwa na mtu wa hila, jina la jirani linatoka. Aliyetajwa jina hayupo. Hakuulizwa. Hajui hata kwamba ametajwa. Na mwenye msiba anarudi nyumbani akiwa na uhakika ambao hakuna ushahidi unaoweza kuugusa, kwa kuwa haukujengwa juu ya ushahidi.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu kwa mzee wa kigango. Swali la nani kafanya halina dhambi. Mungu mwenyewe alimuuliza Kaini yuko wapi ndugu yake, akamsikiliza akijibu, ilhali yeye alishaijua damu iliyomwagika. Binadamu aliyepoteza mtoto lazima aulize, na anayemkataza anamwongezea uchungu. Kilichotuua ni jibu lisiloonyesha lilikopita. Imani yangu inanifundisha kwamba mambo ya sirini ni ya Mungu peke yake, na natumia fundisho hilo kama ifuatavyo: mtu akidai kuyajua, basi anionyeshe njia aliyopita, hatua moja moja, mbele ya yule anayemtuhumu. Asipoweza, anajipa nafasi ya Mungu. Kuamini ramli naona ni kosa la kwanza dhidi ya imani, hata kabla hatujafika kwenye panga.

Biblia yetu Wakatoliki ina sura mbili ambazo ndugu zetu wa makanisa mengine hawanazo, sura ya 13 na ya 14 za kitabu cha Danieli. Katika ya kwanza, wazee wawili wenye cheo wanamsingizia Susana uzinzi, na umati umeshamhukumu kufa. Danieli kijana anafanya jambo dogo: anawatenganisha wazee, anamuuliza kila mmoja peke yake alimwona Susana chini ya mti gani. Wanataja miti tofauti. Mwanamke anapona.

Ya pili naipenda zaidi, kwa sababu kuna chakula. Babeli kuna sanamu Beli, na kila siku inaandaliwa unga, kondoo arobaini na divai, na asubuhi meza ni tupu. Mfalme anaamini mungu wake anakula. Danieli anaagiza majivu, anayanyunyiza sakafuni mfalme akiona, kisha mlango unafungwa na kupigwa muhuri wa mfalme. Asubuhi meza ni tupu. Mfalme anapaza sauti kumsifu Beli. Na Danieli anacheka. Imeandikwa hivyo. Anamzuia mfalme asiingie, anamwambia atazame chini: nyayo za wanaume, za wanawake, za watoto, makuhani na jamaa zao walioingia usiku kwa mlango wa siri chini ya meza.

Nimekitafakari sana kicheko hicho cha nabii. Anacheka kabla mfalme hajaelewa, kwa sababu anajua majivu yako pale na hayawezi kusema uongo. Aliye na ushahidi hana hofu, na pasipo hofu kicheko kinapata pa kukaa. Mbele ya mpiga ramli sijawahi kuona mtu anacheka. Pale watu wananyamaza, wanatetemeka, wanatoa pesa. Ndiyo sababu siukubali ushauri wa wale wanaoniambia niandike mchezo wa huzuni tupu kuhusu mauaji ya vikongwe, watu walie, waende nyumbani. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alilalamika kwamba kwenye kumbi za maigizo za Kartago watu walipenda kulia kwa ajili ya huzuni ya uongo huku hawanyooshi mkono kumsaidia aliye na huzuni ya kweli. Lalamiko lake ni la haki na limenisumbua miaka mingi. Anayelia ukumbini anajiona mwema. Anayedumbukiza kifuniko kwenye bakuli la bibi na kisha akaiona pete amejiona jinsi alivyo, na kicheko kimempa nguvu ya kuvumilia kujiona hivyo.

Lakini kwenye hadithi ya Beli kuna jambo linaloniumiza: mfalme aliwaua makuhani pamoja na wake zao na watoto wao. Majivu yalisema kweli, hasira ya mfalme ikavuka mpaka. Kwa hiyo mchezo wetu hauishii kwenye pete. Unaishia koplo akimfungulia bibi pingu, akimwomba radhi kwa jina lake mbele ya watu wote, na mwenye pete akienda kituoni akiwa mzima, hajapigwa hata kofi. Kuna wanaoona mwisho huo umepoa. Huko machimboni mwizi anachomwa moto. Mimi siubadilishi.

Fundi wetu wa taa ni Mwislamu, na ndiye aliyenikumbusha kisa cha Nabii Yusufu ndani ya Kurani: mke wa bwana amemsingizia, na shahidi wa jamaa ya mke huyo mwenyewe akasema itazamwe kanzu, imechanwa mbele au nyuma. Ilikuwa imechanwa nyuma. Basi dini zetu zote mbili zina mtume anayeokolewa kwa kitu cha kushikika. Na lugha yetu ina Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, anaingia mahali ambapo kila mtu analaumu mzimu, na yeye anatafuta mtu. Nilikifundisha kitabu hicho kwa watoto wa wachimbaji, na niliwaona wakipumua.

Mzee alinipa hoja moja nyingine, kwamba kuigiza maiti ni kukiita kifo. Sikubaliani naye, na nadhani desturi zetu haziko upande wake. Mtani akija msibani anaiga marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, anashuka kaburini anakataa kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Hakuna aliyewahi kusema mtani anaita kifo. Mtani anawapa wafiwa pumzi.

Wala sisemi mchezo wa kuigiza utatosha. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na Septemba mwaka huohuo, hapahapa Kahama, Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Miezi ile mji wote ulikuwa ukizungumza ushahidi: nani aliona nini, kipi kilikutwa wapi. Watu waliokuwa wakinong'ona majina walianza kuulizana maswali ya mahakamani kwenye vibanda vya chai. Tangu hapo naamini kwamba watu wa huku hawajashindwa kufikiri kwa ushahidi. Wanafikiri hivyo kila siku. Mchimbaji hanunui eneo kwa maneno. Anachukua mawe, anatwanga, anapima. Soko la madini lilipofunguliwa Geita, Machi 2019, sifa yake ilikuwa kwamba dhahabu inapimwa kwenye mizani inayoonekana na muuzaji na mnunuzi, bei inajulikana, hafichwi mtu. Hakuna mchimbaji anayekubali gramu zake zipimwe nyuma ya pazia. Naomba tu jina la bibi yake lisipimwe nyuma ya pazia.

London wana mchezo wa Agatha Christie ulioanza mwaka 1952, na mwishoni watazamaji huombwa wasiwaambie watu wa nje muuaji ni nani. Sisi tunawaomba wetu waende wakaseme kila kitu: pete, zebaki, na bakuli la bibi lilivyojaa.

Nawe msomaji, ukiwa msibani na jina la jirani likaanza kupita chini kwa chini, uliza kwa sauti: alionekana wapi, na nani, saa ngapi, na yeye mwenyewe ameulizwa akasemaje? Wasipokuwa na jibu, usilibebe jina hilo mpaka nyumba ya pili.